Mjomba, lori likija nyuma yangu mikono inakufa ganzi. Niuze pikipiki?

BARUA

Shikamoo mjomba,

Mimi ni dada wa miaka 32, nakaa Mikindani, kazini kwangu ni mjini Mtwara nauza duka la vipodozi la mtu. Nina mtoto mmoja wa kike yuko darasa la kwanza. Jina naomba ulifiche maana huku kwetu tunajuana mpaka majina ya kuku.

Iko hivi. Msimu wa korosho uliopita mume wangu alipata hela kwenye shamba lake la Tandahimba, akaninunulia pikipiki, Boxer mpya kabisa, akasema mke wangu nauli za bodaboda zinatumaliza bora uwe na chombo chako. Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele peke yangu. Mdogo wake, yaani shemeji yangu, ni bodaboda hapa hapa, ndo akanifundisha, jioni jioni tunaenda uwanja wa mpira, klachi, gia, breki, kona, nikashika haraka kuliko alivyotegemea, nikafuatilia leseni ya kujifunzia na kibao cha L nikafunga. Mtaani kwetu naendesha safi tu, naenda gengeni, naenda kwa mama, watoto wananikimbilia wananipungia mkono.

Shida inaanza nikiingia barabara kubwa. Mjomba barabara hii unaijua, malori ya makaa ya mawe yanatoka huko Ruvuma yanakwenda bandarini, malori ya saruji, mabasi ya Dar, bajaji ndo usiseme. Nikiliona lori kwenye saidi mira, hata kama bado liko mbali, moyo unaanza kudunda, mikono inakufa ganzi, nasahau hata niko gia ya ngapi. Ninachofanya nabana kushoto kabisaa pale lami inapoishia, napunguza mwendo mpaka ishirini huko, namuomba Mungu lipite. Likipita upepo wake unanisukuma nayumba, nikija kukaa sawa nyuma yake kuna jingine.

Sasa kuna asubuhi moja karibu na Mangamba lori likanipigia honi ile kubwa, nikashtuka, nikatoka kwenye lami nikaingia mchangani, nikabana breki ya mbele kwa nguvu zangu zote, tairi likakata na mimi chini. Namshukuru Mungu ni goti tu na kiganja vilichubuka, na saidi mira ya kushoto ikavunjika kioo. Vijana wa bodaboda wakaja kuniinua, ni watu wema sikatai, lakini mmoja akasema mama hiki chombo sio cha kila mtu. Maneno yale yaliniingia mjomba. Tangu hapo pikipiki iko sebuleni nimeifunika khanga.

Kazini nimerudi kupanda bodaboda. Na cha ajabu nikiwa nimepakiwa wala siogopi, huyo kijana anayenibeba anakimbia balaa, helmeti hana na mimi ananipa upepo tu, na nachati kwenye simu njia nzima. Ila nikishika mwenyewe ndo nakufa.

Nyumbani sasa imekuwa mjadala. Mume wangu anasema tuuze kabla haijashuka bei, hela irudi shamba. Shemeji anasema kinachoua watu barabarani ni hofu sio malori, dawa ni kujitoa ufahamu, lori likija nyuma vuta mafuta uliache, na eti siku moja anipeleke tukimbizane na malori ubavu kwa ubavu mpaka nizoee. Yeye ana mwaka wa pili barabarani na anajisifu hajawahi kuanguka. Helmeti ninayo, ile iliyokuja na pikipiki, inanipwaya kidogo nikikimbia inarudi nyuma.

Maswali yangu ni haya, niuze au nisiuze? Shemeji yuko sahihi? Na nikirudi barabarani ntaweza lini kumpakia mwanangu nimpeleke shule, maana hiyo ndo sababu kubwa ya mimi kutaka chombo.

Mwoga wa Mikindani


MJOMBA ANAJIBU

Marahaba mpwa wangu, pole na goti, na pole zaidi na yale maneno maana goti litapona lenyewe.

Barua yako nimeisoma, ila kuna sehemu nimerudia, pale unaposema ukipakiwa na yule kijana anayekimbia bila helmeti unachati njia nzima huna wasiwasi. Hebu tulia hapo kidogo. Kati ya wewe mwenyewe kuendesha taratibu na kofia kichwani, na kukaa nyuma ya mtu anayekimbia balaa wakati kichwa kiko wazi na macho yako kwenye simu, hatari kubwa iko wapi? Unajua jibu. Lakini moyo wako unadunda kwenye ile ndogo na unalala usingizi kwenye ile kubwa. Maana yake hofu yako haipimi hatari, inapima nani kashika usukani. Ukishika wewe inapiga kelele, akishika mwingine inanyamaza. Sasa mtu wa hivyo huwezi kumfanya mshauri wako mkuu, iwe kwa kumtii au kwa kumpiga makofi anyamaze kama shemeji yako anavyotaka. Unamsikiliza, unamuuliza, sawa, unataka nifanye nini? Akikujibu kitu cha kufanya, mfano punguza mwendo hapo mbele kuna bajaji imesimama vibaya, hiyo ni tahadhari, itii mara moja. Akikujibu "utakufa" basi na hana cha kuongeza, hapo hajakusaidia kitu, endelea na kazi uliyokuwa unaifanya.

Turudi Mangamba tuiangalie ile ajali vizuri, maana pale hofu ilikupa maelekezo matatu na yote matatu yalikuwa mabovu.

La kwanza ilikwambia bana kushoto kabisa. Inaonekana ni busara eti, lori kubwa wewe mdogo, umpishe. Sasa kaa kwenye kiti cha dereva wa lori. Anaona mbele yake pikipiki iko ukingoni kabisa, yeye anachosoma pale ni "amenipa njia, napita", na anapita bila kuhama upande wake, hata kama kuna basi linakuja mbele, anapita katikati yenu na wewe unabaki na nafasi ya kiganja. Ungekuwa umekaa ndani ya lami, pale ambapo tairi la kushoto la gari linapopita, angekuona kama chombo barabarani, angelazimika kusubiri au kuhama kulia ndo akupite. Na wewe ungebaki na kama mita moja ya lami kushoto kwako, akiba yako hiyo, ya kuhamia ikiwa mambo yameharibika. Ukianza safari ukiwa tayari uko ukingoni akiba umeshaila yote, ukishtuka kidogo tu ni mchangani, ndo kilichokupata.

La pili ikakwambia punguza mpaka ishirini. Hapa wengi hawanielewi nikisema, wanadhani nafundisha watu kukimbia. Piga hesabu. Lori linakuja 60 kwa saa, wewe uko 20, linakukaribia kwa kasi ya mita 11 kila sekunde, yaani likiwa mita 100 nyuma yako linakufikia baada ya sekunde 9 hivi. Ungekuwa unatembea 45, lile lori lile lile lingekuwa linakukaribia mita 4 tu kwa sekunde, dereva ana sekunde zaidi ya 20 za kukuona, kufikiria, kuangalia mbele na kuamua. Honi ile kubwa uliyopigiwa mara nyingi ni ya dereva aliyekuta kitu kimejaa mbele yake ghafla, na yeye kashtuka pia, lori lililopakia makaa halisimami kirahisi. Sehemu za makazi zenye alama ya 50 mwisho wako ni hiyo 50 na usizidi hata tone, ila 40 mpaka 45 uliyoishika sawasawa bila kupanda na kushuka ni salama kwako kuliko 20 ya kutetemeka. Na kama 45 bado huiwezi kwa utulivu, basi barabara kubwa saa ya malori bado, nakuja huko.

La tatu ndo lililokuangusha. Breki ya mbele kwenye mchanga.

Hapa nataka usome taratibu. Kwenye lami kavu breki ya mbele ndo breki yenyewe, ukifunga breki uzito mwingi unakuja mbele, tairi la mbele linakandamizwa chini linashika, la nyuma linakuwa jepesi. Kwahiyo wale wanaokwambia usiguse kabisa breki ya mbele itakubinua wanakudanganya, siku ukihitaji kusimama kweli ya nyuma peke yake haitakutosha, itaburuza tu. Lakini mchangani hakuna cha kushika. Ukibana ya mbele tairi linaacha kuzunguka, linaanza kulima, usukani unakatika upande mmoja na wewe chini kabla hujasema bismillahi. Mchanga wetu huku pwani tunaujua, ule mweupe laini unaosogea mpaka juu ya lami pembeni, mvua ikinyesha unausambaza mpaka katikati kwenye kona.

Sasa ikitokea umelazimika kutoka kwenye lami, na ipo siku itatokea, basi la Dar linaovateki linakuja na upande wako na hakuna namna, fanya hivi. Punguza mwendo ukiwa BADO uko juu ya lami, hapo breki zote mbili zinafanya kazi. Tairi la mbele likikaribia mchanga achia breki ya mbele kabisa. Ingia ukiwa umenyooka, usikate usukani, macho mbali mbele usiangalie tairi. Kalio rudisha nyuma kidogo, mafuta yabaki kidogo tu tairi la nyuma liendelee kusukuma, mikono ilegee uache usukani uchezecheze, utacheza kweli na utaogopa, uache ucheze. Breki ya nyuma kwa mguu, polepole, mpaka isimame yenyewe. Usikimbilie kurudi kwenye lami, ule ukingo wa lami ukiuparamia kwa pembeni unakuangusha vile vile, simama kwanza, vuta pumzi, angalia nyuma, panda ukiwa umeukabili.

Haya mambo hayaingii kichwani kwa kusoma barua ya mjomba, yanaingia mikononi, na mikono inajifunza kwa kurudia. Kwahiyo khanga itoe, rudi uwanjani, ila safari hii usiende kuzungukazunguka. Shemeji alikufundisha kuondoka, sasa jifunze kusimama. Tafuta sehemu ngumu iliyoshindiliwa au lami isiyo na magari, fika 30, kamua breki ya mbele pole pole kama unakamua chungwa huku mguu unasaidia nyuma, usiikwapue. Rudia mpaka mkono ukamue wenyewe bila kuambiwa. Siku nyingine 40. Halafu nenda mchangani kwa makusudi, mwendo wa kutembea kwa miguu, ukazoee ule usukani kucheza, ukianguka pale unaanguka kwa raha zako hakuna lori nyuma.

Na ujue kitu kingine, kwa mwendo wa 50 pikipiki inatembea karibu mita 14 kila sekunde, na kutoka jicho lione hatari mpaka mkono uanze kukamua breki inapita kama sekunde moja nzima, mtu aliyeshtuka inazidi. Zote hizo ni mita umetembea bure. Ndo maana tunasema acha nafasi na gari la mbele, likipita kwenye nguzo hesabu elfu moja na moja, elfu moja na mbili, ukiifikia ile nguzo kabla hujamaliza umekaribia mno. Mvua ikinyesha ongeza. Zile mvua za mwanzo mwanzo Novemba Desemba ndo mbaya kuliko zote, vumbi na mafuta ya miezi yote yanakuwa uji juu ya lami, subiri ioshe kwanza.

Shemeji yako sasa. Mpe salamu, amekufundisha vizuri na anakupenda, lakini hapa kwenye kujitoa ufahamu amepotea. Kuna sehemu yuko sahihi kwamba mtu aliyekakamaa kwa hofu anaendesha vibaya, umeona mwenyewe. Ila dawa yake ni mbaya kuliko ugonjwa. Huwezi kuliacha lori kwa Boxer halafu mbele ukakutana na tuta, na bajaji, na mbuzi, halafu lori liko nyuma yako na sasa mko wote kwenye mwendo mkubwa. Kule Marekani mwaka 1981 ulitoka utafiti mkubwa wa profesa mmoja anaitwa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, yeye na wenzake walichunguza ajali 900 za pikipiki za Los Angeles, moja moja, wanakwenda mpaka eneo la tukio. Zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa na chini ya miezi mitano kwenye ile pikipiki waliyoanguka nayo. Na nusu ya ajali zile pikipiki ilikuwa inatembea chini ya 48 kwa saa kabla ya mambo kuharibika, wala sio mbio za ajabu. Na mwendeshaji kwa kawaida alikuwa na chini ya sekunde mbili za kufanya chochote. Los Angeles na Mikindani ni mbali najua, huko hakuna mtu anauza ming'oko, vile viazi vya porini, pembeni ya barabara, lakini sekunde mbili ni sekunde mbili popote. Kwenye sekunde mbili ujasiri haufanyi kazi, kinachofanya kazi ni kile mkono wako ulichozoea.

Na mwambie huo mwaka wa pili anaojisifia ndo wa kujiangalia. Mwaka wa kwanza mtu anaogopa, anaangalia kila kitu. Wa pili mkono umekuwa mwepesi na jicho limeanza kuwa zito. Kujiamini kunakuja mbio, ujuzi unakuja unachechemea nyuma yake, hapo katikati ndo watu wanaumia. Sote kusini tunajua hela za korosho zikitoka nini kinatokea, pikipiki mpya kila kona, vijana hawajui hata breki iko wapi, na wakati huo huo ndo msimu wa mabibo ya korosho, na uraka, pombe yake, unanyweka tangu asubuhi. Miezi ile mimi hata kama ungekuwa na ujuzi wa miaka 20 ningekwambia jioni uwe umeshafika nyumbani.

Lori likija nyuma sasa, maana ndo swali lenyewe. Uone mapema, saidi mira uiangalie kila baada ya muda mfupi, jicho tu, lori lililoonekana likiwa mbali halishtui kwa honi. (Ile iliyovunjika nunua kabla ya kitu chochote, huwezi kutoka na moja.) Shika mwendo wako ule ule, usiongeze usipunguze, dereva akikusoma unatembea sawasawa anajua namna ya kukupita. Magoti bana tangi, viwiko legeza, mtu akikakamaa mikono kila mtikisiko wa mwili unaenda kwenye usukani, ndo ule kuyumba. Upepo wa lori unakusukuma nje kwanza halafu likimaliza kupita unakuvuta ndani, ukiujua unausubiri, wala usibishane nao kwa usukani. Na usiangalie tairi za lori! Pikipiki inakwenda jicho linakokwenda, ukikazia macho tairi utajikuta unalisogelea, angalia mbele kabisa kule unakotaka kufika. Likikung'ang'ania nyuma halipiti, hakuna aibu kumpisha, ila umpishe mahali ULIPOCHAGUA wewe, kituo cha daladala chenye lami au njia panda pana kama ile ya kwenda Madimba, indiketa ya kushoto mapema, punguza kidogo kidogo, ingia, simama, apite, na wa nyuma yake apite. Kupisha kwa mpango na kukimbilia mchangani ni vitu viwili tofauti kabisa.

Ubavuni mwa lori usikae. Kama humuoni dereva kwenye saidi mira yake na yeye hakuoni, upo kwenye giza lake. Baki nyuma au pita ukamaliza, basi. Yale ya kukimbizana ubavu kwa ubavu ili uzoee, mpwa wangu hapana, hapana, hapana.

Bajaji inasimama popote anapoona mkono wa abiria, ukiifuata ichukulie inasimama sasa hivi. Gari inayotaka kukata kulia mbele yako usiamini macho ya dereva, anaweza akakutazama usoni na asikuone, tazama tairi yake ya mbele, ikianza kuzunguka anakuja. Taa ya mbele washa hata mchana, reflekta vaa.

Namna ya kurudi. Anza Jumapili baada ya alfajiri kukiwa kumekucha, malori ni machache na jua halijawa kali, toka nyumbani mpaka mahali unapopaona panakutosha, rudi. Shemeji afuate nyuma yako na chombo chake kama mita 30, asiongoze, akiongoza utamkimbiza. Nyuma yako anakukinga, na mkirudi akwambie alichoona, mwambie asikucheke akwambie tu. Ukizoea hiyo ongeza mpaka mjini, halafu siku za kazi ila uwahi kabla ya foleni, halafu ndo saa ya kawaida. Kila hatua ikae mpaka ikuchoshe kwa wepesi wake ndo uongeze. Siku moyo ukianza kudunda na vidole kufa ganzi, maana utarudia tu kidogo mwanzoni, usifunge breki na usikimbie, toa pumzi ndefu kwa mdomo ndani ya helmeti, chezesha vidole vya mkono wa kushoto kimoja kimoja juu ya klachi, huwezi kuchezesha vidole na kukakamaa kwa wakati mmoja. Bado? Tafuta pa kusimama pazuri, zima, kunywa maji, angalia malori yakipita dakika kadhaa ukiwa umekaa, ukiwa sawa endelea na safari. Jitahidi usiishie njiani ukamwachia mtu aiendeshe kurudi nyumbani, ukifanya hivyo mara mbili tatu hofu inajifunza kwamba inashinda.

Helmeti inayopwaya ni pambo. Mwaka 2008 watafiti walikusanya tafiti 61 za nchi mbalimbali wakakuta helmeti inapunguza uwezekano wa kufa kwa asilimia 42 hivi na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69 hivi, lakini hiyo ni helmeti iliyobaki kichwani, sio iliyoruka ikatangulia. Nenda dukani ukajaribu, ukiitikisa na ngozi ya paji la uso itikisike nayo, mkanda ufunge vidole viwili tu vipite chini ya kidevu. Na huyo kijana anayekubeba bila helmeti badilisha leo, bodaboda wako wengi wenye kofia ya abiria, na simu weka kwenye pochi.

Usiuze. Bado. Mumeo hajakosea kuwaza hela, lakini anauza kwa sababu ya ajali moja ambayo chanzo chake kinajulikana na kinafundishika. Mwambie akupe mpaka msimu ujao wa korosho, na katika huo muda uingie darasani kweli, chuo cha ufundi cha VETA wapo hapo Mtwara waulize habari ya mafunzo ya udereva wa pikipiki, umalize upate leseni yenyewe daraja A, maana ya kujifunzia ni ya kujifunzia, na bima angalia tarehe. Ukifika huo msimu umefanya yote hayo na bado kila asubuhi unatapika kabla ya kutoka, uza mpwa wangu, uza bila kuona haya, kuna watu wazima wenye akili zao hawaendeshi pikipiki na wanafika kazini. Ila usiuze kwa maneno ya kijana wa kijiweni. Chombo sio cha kila mtu kweli, lakini yeye sio anayegawa.

Mtoto? Hapo ndo sina masihara. Sio mwaka huu. Abiria anabadilisha kila kitu, breki inachelewa, kona inakuwa nzito, na mtoto anageuka nyuma ghafla kumuona mwenzie. Kwanza upate leseni, kwanza barabara hii uwe unaipita saa ya malori huku unawaza utapika nini jioni. Halafu umpakie mtu mzima, shemeji huyo huyo anafaa, uone uzito unavyocheza. Mtoto mwenyewe awe miguu inafika kwenye pedali za abiria na anaweza kukushika kiuno muda wote, na awe na helmeti ya saizi yake sio ya baba. Na akae nyuma, sio mbele kwenye tangi kama tunavyowaona wengine kila siku. Mpaka hapo aendelee na bajaji ile anayokwenda nayo na wenzie, na kama hakuna ongea na mzazi mwingine hapo mtaani mchange.

Mjomba